Baba, dada, kaka: ubongo unavyolitoa neno, na kwa nini bibi yangu alibaki na neno moja

#1 Mpwa wa Chumbageni

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu, mnivumilie. Kabla hujaendelea naomba ufanye jambo moja hapo ulipo. Weka kidole kwenye midomo useme "baba" polepole. Midomo imekutana mara mbili. Sasa sema "dada". Midomo imekaa kando, ncha ya ulimi ndiyo imegonga ufizi nyuma ya meno ya juu. Malizia na "kaka". Hapo ncha ya ulimi imelala tu, na shina lake limepanda huko nyuma karibu na koo. Watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja ana kiungo chake cha kumwita.

Kuna daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo anaitwa Edward Chang, yuko Chuo Kikuu cha California, San Francisco. Yeye na wenzake waliupelekea ubongo swali hilohilo: mtu anaposema ba, da, ga, ni nani humo ndani anayeamka, na anaamka saa ngapi?

Swali linaonekana jepesi, ila kulijibu ni kazi. Mashine za kupiga picha ya ubongo zipo, lakini ni za polepole mno. Sisi tukiongea tunatoa sauti zaidi ya kumi kwa sekunde moja. Na huwezi kumfungua mtu mzima wa afya fuvu la kichwa kwa sababu unataka kujua. Mlango ulifunguliwa na wagonjwa wa kifafa. Kipo kifafa kilichoshinda dawa zote, na tumaini linalobaki ni kukata kile kipande cha ubongo ambako kinaanzia. Ili wakijue kipande chenyewe, madaktari hufungua fuvu, hutandaza juu ya ubongo utando laini wenye elektrodi nyingi ndogo za kunasa umeme, hufunga, kisha mgonjwa hulazwa siku kadhaa wakimsubiri aanguke kifafa huku mashine zikiandika. Siku zile za kungoja mgonjwa yuko macho, anaongea, anakula. Baadhi yao wakakubali kusaidia: wakisomewa au wakionyeshwa silabi, wao wanazitamka.

Matokeo yalitoka mwaka 2013 kwenye jarida la Nature. Wagonjwa watatu, utando wenye elektrodi 256, na silabi tupu za konsonanti na irabu. Kwenye ukanda mmoja unaoshuka ubavuni mwa ubongo, juu ya sikio, kila kiungo kilikuwa na eneo lake. Midomo ina pake, taya lina pake, ulimi una pake. Zoloto, pale penye nyuzi za sauti, lina maeneo mawili, moja juu na jingine chini kabisa. "Baba" ikiwasha pa midomo, "dada" na "kaka" zinawasha pa ulimi, tena kwa mchoro tofauti.

Kilichonishika mimi ni hiki: humo hamna herufi. Hakuna mahali palipoandikwa B. Ubongo unapeleka amri kwa viungo, kila amri na wakati wake, kwa tofauti ya vipande vidogo sana vya sekunde, kama wapiga ngoma ambao kila mmoja anajua wapi pa kuingia. Jaribu tena. Sema "kiti", halafu sema "kuku". Kabla hujatoa ile k ya "kuku" midomo yako imeshajiviringa kuisubiri u. Kwa hiyo k hizo mbili si k moja. Mwaka 2018 kundi hilohilo la San Francisco lilionyesha kwamba ubongo wenyewe ndivyo unavyopanga: unabeba mwendo mzima wa viungo, unatazama sauti inayofuata kabla ya kuimaliza hii iliyopo.

Mwaka huohuo wakafuata lile eneo la juu la zoloto. Waliwapa watu sentensi moja ya Kiingereza, kwa kwetu ni kama "Mimi sikusema yeye kaiba hela yangu", wairudie wakitilia mkazo neno tofauti kila mara. Nyinyi wenyewe mnajua: "MIMI sikusema" na "sikusema YEYE" ni kesi mbili tofauti barazani. Sauti ilipopanda, eneo lile nalo lilipanda. Na lilipoguswa kwa umeme kidogo, misuli ya zoloto ilijikaza yenyewe.

Sasa niwaambie kwa nini nimelivalia njuga jambo hili.

Bibi yangu mzaa mama aliamka usiku kupika daku akaanguka jikoni. Tulimkuta chini, mwiko bado umo mkononi mwake wa kushoto, uji unafurika jikoni. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao. Lililobaki ni moja: "nani". Akitaka maji, "nani". Akitaka ageuzwe ubavu, "nani, nani". Ukimletea kitu sicho anaupiga mkeka kwa mkono wa kushoto na machozi yanamtoka. Hospitali tuliyompeleka walimshughulikia presha, wakaturudisha na karatasi ya dawa. Habari ya kuongea hatukuambiwa lolote, kwamba kuna wataalamu wa tiba ya usemi, kwamba kuna mazoezi. Hatukujua hata kwamba ni jambo la kuuliza.

Nyumbani nako wakubwa wakahukumu: akili imeondoka. Siku moja walikaa sebuleni, yeye yupo palepale kwenye mkeka wake, wakazungumzia kiwanja chake kama watu wanaozungumza mbele ya ukuta. Mimi nilikuwa namwangalia yeye. Anamfuata kwa macho kila anayeongea, huyu, halafu huyu. Ilipotajwa bei akatikisa kichwa kukataa. Akatikisa tena, kwa nguvu. Hakuna aliyemtazama isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa mdogo wa kusema mbele ya wajomba.

Jioni hiyo mama alikaa kando yake akasoma Al-Fatiha kwa sauti. Bibi akaisoma naye. Ulimi ulikuwa mzito, lakini maneno yote yamo, aya baada ya aya hadi mwisho, akajifuta uso. Mama akalia kwa furaha, akamuuliza, "Mama, nikupe maji?" Bibi akajibu, "Nani."

Swali hilo nimekaa nalo miaka. Mdomo uleule, ulimi uleule, unawezaje kusoma sura nzima na ushindwe neno "maji"?

Jibu nililianzia mbali, Ufaransa. Mwaka 1861 kwenye hospitali ya Bicêtre, karibu na Paris, alikuwepo mgonjwa anaitwa Louis Victor Leborgne. Wenzake walimwita Tan kwa sababu kila alichoulizwa alijibu "tan, tan". Alikaa pale miaka 21. Alikuwa anaelewa anachoambiwa, idadi alijibu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Na akikasirika hasa, tusi kamili lilimtoka, maneno yote mahali pake! Alifariki Aprili mwaka huo. Daktari Paul Broca akafungua fuvu lake akakuta jeraha upande wa kushoto, sehemu ya mbele. Tangu hapo sehemu ile inaitwa eneo la Broca, na ubongo wenyewe umehifadhiwa Paris hadi leo.

Nilipoisoma habari hiyo niliweka simu chini. Tan wa Paris na "nani" wa Tanga.

Mkono wa kulia wa bibi ulikufa kwa sababu nyuzi za ubongo zinapishana: upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono wa kulia. Na kwa watu wengi, kazi ya kuunda maneno nayo inakaa zaidi upande huohuo wa kushoto. Mshipa mmoja ukiziba pale, vinaondoka viwili pamoja. Lakini maneno yaliyokaririwa tangu utotoni, dua, kuhesabu, siku za wiki, nyimbo, matusi pia, hayapiti njia ileile ya kutafuta neno jipya na kulipanga. Yanatoka kama fungu moja. Kwa hiyo Fatiha ilikuwa na njia, na "maji" haikuwa nayo.

Kuhusu eneo la Broca lenyewe, watafiti wa sasa wamelipunguzia sifa kidogo, na mimi naona wana haki. Mwaka 2007 ubongo wa Leborgne ulipigwa picha kwa mashine za kisasa, ikaonekana jeraha lilizama ndani mno kuliko alivyoweza kuona Broca, ambaye hakuukata. Mwaka 2015 watafiti wengine walionyesha kwamba eneo hilo linafanya kazi kabla ya kutamka, na mdomo ukishaanza lenyewe linatulia. Na jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Michael Long na wenzake, lilitoka 2016. Walikuwa na wagonjwa 16 wanaopasuliwa ubongo wakiwa macho. (Ubongo hauna hisi ya maumivu, ganzi inapigwa kwenye ngozi ya kichwa.) Waliweka kifaa kidogo cha kupoza juu ya ubongo, digrii chache tu, huku mgonjwa anahesabu au anataja siku za wiki. Wakipoza eneo la Broca, mwendo wa maneno unabadilika, yanavutika. Wakipoza ule ukanda wa midomo na ulimi, mwendo unabaki lakini matamshi yanaharibika, yanakuwa kama ya mlevi. Mmoja anapanga mwendo, mwingine anatia mikono kazini.

Sasa nirudi kwa Chang. Kama ukanda ule unapeleka amri za viungo, je, mtu ambaye amri zinatoka ila hazifiki? Wapo. Kiharusi kikipiga shina la ubongo, pale chini linapoungana na uti wa mgongo, juu kote kunaweza kuwa salama lakini njia ya kwenda mdomoni imekatika. Mtu anaelewa, anatunga sentensi, anaamuru ulimi, ulimi haupati habari.

Mwaka 2019 walitengeneza programu ya kompyuta inayosoma umeme wa ukanda ule, inakisia viungo vinafanya nini, halafu inageuza mwendo huo kuwa sauti. Hao walikuwa bado watu wanaoongea. Mwaka 2021 wakaja na mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyepata kiharusi cha shina la ubongo zaidi ya miaka 15 nyuma. Alikuwa anaandika kwa kuchokoa herufi kwenye skrini kwa fimbo iliyofungwa kofiani. Waliweka elektrodi 128 juu ya ubongo wake, wakaifundisha mashine maneno 50 tu. Anaulizwa kwenye skrini, "Habari yako leo?" Anajaribu kusema kwa mdomo usiomtii, na skrini inaandika: mimi mzima sana. Ilikuwa kama maneno 15 kwa dakika, na robo ya maneno hivi yanakosewa. Sisi tukipiga soga tunapita 150. Najua ni kidogo. Lakini zaidi ya miaka 15 mtu yule alikuwa hajajibu salamu kwa kasi hiyo!

Agosti 2023 akaja mama mmoja wa Canada, aliyekuwa mwalimu, kiharusi kilimpata akiwa na miaka 30. Elektrodi 253, maneno zaidi ya 1,000, kasi ya maneno 78 kwa dakika. Sauti waliyompa waliitengeneza kutoka kwenye video ya harusi yake, akihutubia wageni. Na kwenye skrini wakamchorea uso unaofungua mdomo na kutabasamu kadiri anavyojaribu.

Mwenye swali aulize, na mwenye mgonjwa nyumbani aseme. Nitajibu ninachokijua.

#2 Fundi Redio

Mkuu, nimesema baba, dada, kaka hapa dukani mara kumi. Miaka arobaini na mbili naongea na sikuwahi kuangalia ulimi wangu unakwenda wapi.

Swali langu ni moja na ni zito. Kama mashine inasoma umeme wa ubongo na kuandika sentensi, kesho si itasoma hata yale ambayo mtu ameyaficha moyoni? Mimi mambo yangu mengine nimemwachia Mungu peke yake.

#3 Mpwa wa Chumbageni

Fundi, swali lako lina uzito na watafiti wenyewe wanalo. Kwenye kazi hizo za 2021 na 2023 mgonjwa anajaribu kusema kweli, anaamuru midomo na ulimi kwa nia. Elektrodi zimekaa juu ya ukanda wa viungo, siyo juu ya siri. Akikaa kimya akiwaza shamba lake, pale hakuna amri ya kunasa.

Ila nisikudanganye kwamba mpaka huo ni ukuta wa saruji. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa kazi kuhusu maneno ya kimoyomoyo, yale unayoyasema kichwani bila kujaribu kufungua mdomo. Waligundua umeme wake unafanana na wa kusema, ila ni hafifu zaidi, na waliweza kusoma sehemu yake. Kwa sababu hiyohiyo wakaweka kufuli: mashine haianzi kusoma maneno ya kimoyomoyo mpaka mtu awaze kwanza neno la siri. Mimi nimelipenda hilo, kwamba kufuli limewekwa na haohao waliofungua mlango. Sheria nazo zitungwe mapema.

#4 Bi Nesi

Asalaam aleikum wanangu. Nimefanya kazi wodini miaka mingi, sasa nimepumzika. Mtoa mada Mungu akulipe, na bibi yako amrehemu. Niongeze ya wodini.

Wagonjwa wa kiharusi wasioongea msiwaweke kapu moja. Yupo ambaye anajua neno analolitaka lakini mdomo umelegea, anaongea kama ana tonge mdomoni. Huyo mpe karatasi, ataandika akiwa na mkono. Yupo kama bibi, anaelewa, lakini neno halipatikani wala kwa mdomo wala kwa kalamu. Na yupo anayeongea sana, kwa mwendo mzuri kabisa, lakini maneno hayana maana na mwenyewe hajui kwamba hayana, na tunayomwambia hayaelewi vizuri. Huyu wa tatu ndiye anayeitwa kichaa mtaani, na ndiye anayepelekwa kwa waganga wengi zaidi. Naye ni mgonjwa wa ubongo kama wale wawili. Daktari Carl Wernicke wa Ujerumani aliandika habari zake mwaka 1874, tatizo liko nyuma zaidi upande huohuo wa kushoto.

Jambo la pili ni la uhai. Misuli ya kuongea ndiyo ya kumeza. Mgonjwa akipoteza usemi, msimkimbizie uji amelala chali. Mkalisheni wima, muombeni muuguzi au daktari apime kwanza kama anameza salama. Nimeona walionusurika kiharusi wakaja kupaliwa na uji wa mtoto wao mwenyewe aliyewapenda.

Na uso ukipinda ghafla, mkono ukianguka, maneno yakakorogeka, msingoje asubuhi. Kimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

#5 Mlamu

Nami niulize la lugha. Hizi mashine zote zimefunzwa kwa Kiingereza. Sisi huku pwani ya kaskazini twatofautisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni, huyu wa mwituni watoka na pumzi. Mwalimu wangu wa lugha alitwambia pia kuwa b na d zetu si za Mzungu: ukisema "baba" kwa Kiswahili koo lashuka kidogo na hewa yavutwa ndani. Wekeni kidole shingoni muone. Sasa mashine ya San Francisco itaujuaje ulimi wetu?

#6 Mpwa wa Chumbageni

Mlamu, shukrani sana. Nimeweka kidole shingoni, kweli koo linashuka.

Hapa ndipo kazi ya Chang inanipa imani zaidi. Kwa kuwa kinachonaswa ni viungo wala si herufi za Kiingereza, koo lako linaloshuka kwenye "baba" nalo lina amri yake, kwenye maeneo yaleyale ya zoloto. Mwanamume yule wa 2021 lugha yake ya kuzaliwa ni Kihispania, Kiingereza alijifunza ukubwani baada ya kiharusi. Mwaka 2024 walichapisha kazi iliyomruhusu kutumia lugha zote mbili, mashine ikitambua yenyewe anasema ipi. Na waliona lugha hizo mbili hazijatengewa vyumba viwili: umeme wake ulifanana kiasi kwamba mashine iliyofunzwa lugha moja iliifikia ya pili haraka zaidi.

Kinachokosekana upande wetu ni nusu ya pili ya mashine. Umeme wa ubongo una makosa mengi, kwa hiyo kompyuta inasaidiwa na hazina ya lugha inayojua neno gani hufuata lipi. Baada ya "naomba" linakuja "maji" mara nyingi kuliko "mlima". Hazina hiyo hujengwa kwa maandishi na sauti za watu wengi. Mradi wa Common Voice wa Mozilla unakusanya sauti za Kiswahili za kujitolea, mtu anasoma sentensi kwa simu yake. Ile p'aa ya Lamu ikikosekana humo, mashine itakapokuja itamfunga mzee wa Lamu kwenye Kiswahili cha redioni. Nendeni mkasome, wakuu, kwa lafudhi zenu.

#7 Rungwe

Mtoa mada, umeandika vizuri lakini naona unawapa watu matumaini yasiyofika huku. Mtu wa kijijini kwangu hata picha ya ubongo anasafiri kuifuata. Utafiti wa Marekani utamsaidia nini? Tena umesema mwenyewe ni watu wachache.

#8 Mpwa wa Chumbageni

Rungwe, uko sahihi kwamba haziuzwi. Zote bado ni majaribio, mtu mmoja mmoja, na nyingi zina tundu kichwani la kuchomeka waya. Kwa bibi yangu zisingefanya kazi hata angekuwa San Francisco, kwa sababu kwake palipoharibika ni ubongo wenyewe unaotafuta neno, wakati mashine hizi zinahitaji amri iwe imeshaandaliwa, ikose njia tu. Nimelisema hili kwa uchungu, maana nilipoanza kusoma nilikuwa namtafutia yeye.

Lakini mwendo ni wa kasi. Mwaka 2024 madaktari wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitangaza mgonjwa wa kudhoofika kwa neva za misuli ambaye mashine ilimwandikia maneno kwa usahihi wa asilimia 97, na ikayasoma kwa sauti iliyofanana na yake ya zamani. Toka robo ya maneno kukosewa mwaka 2021 hadi hapo ni miaka mitatu. Mwaka 2025 kundi la Chang likapunguza ule muda wa kungoja. Yule mama wa Canada alikuwa anasubiri sekunde kama nane sentensi iishe ndipo sauti itoke. Sasa inaanza kutoka ndani ya sekunde moja hivi. Sekunde nane kwenye mazungumzo, Rungwe, watu wameshahamia habari nyingine.

Na kinachofika kijijini leo hakina waya. Mtu akijua kwamba kutosema na kutofikiri ni vitu viwili, hatauza kiwanja mbele ya mwenyewe. Hilo ningelijua nikiwa mtoto, ningesimama pale sebuleni.

Kuna pia njia ya Boston ya tangu 1973: mgonjwa anafundishwa sentensi fupi kwa kuziimba, "na-o-mba ma-ji", huku akigonga mkono wa kushoto kwa kila silabi, halafu wimbo unapunguzwa kidogokidogo hadi ubaki usemi. Haiwafai wote, ila wapo iliowarudisha. Sisi tulikuwa na bibi anayesoma Fatiha nzima, na hatukujua kwamba uzi wa kushika ulikuwa palepale.

#9 Bi Nesi

Ongezeni kadi za picha. Kikombe, choo, mto, dawa, sahani, mtu anayeumwa kichwa. Chora hata kwa makaa. Uliza maswali ya ndiyo na hapana, moja moja, redio imezimwa. Na usimmalizie neno. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kumsaidia.

#10 Binti wa Kahama

Habari zenu. Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Baba yangu katoka hospitali juzi. Mkono wa kulia haufanyi kazi, na anasema "eti" tu. Kila kitu ni "eti". Shemeji anasema tumpeleke kwa mtaalamu wa asili kwanza. Nimesoma hapa nikamwonyesha mama.

#11 Mpwa wa Chumbageni

Pole sana dada. Anameza vizuri? Mkimuuliza "wewe ni baba wa" halafu mtaje jina lako, anaitikia kichwa? Mkitaja jina la mtu asiyemjua, anakataa?

#12 Binti wa Kahama

Anameza vizuri, walimpima. Nimemuuliza sasa hivi. La kwangu kaitikia. La uongo kakataa na akanishika mkono, kama ananiuliza kwa nini nimemdanganya.

Halafu mama kaanza kuhesabu naye, kama alivyoandika mtoa mada. Moja, mbili, tatu. Baba kafika saba. Kwenye nane kakwama, kalia.

#13 Bi Nesi

Saba siku ya tatu nyumbani, mwanangu! Leo mwacheni alale. Ubongo unachoka kuliko mguu. Kesho asubuhi akishakunywa chai mumuanzie tena moja. Na akifika saba msimtajie nane. Mama ainue vidole tu, akae naye.